Neno la Namba Nne

Karatasi ilibandikwa ubaoni saa tano na nusu asubuhi, mashuka ya wodi ya upasuaji yakiwa bado yanazunguka kwenye mashine ya pili, na kufikia saa sita hapakuwa na mtu aliyekuwa akifua. Wafuaji wanane wa hospitali walisimama mbele ya ubao, mikono ikiwachuruzika maji ya sabuni, wakitazama Kiingereza.

Meneja mpya alikuwa ameshawaeleza wiki iliyopita, tena kwa Kiswahili kizuri cha kubembeleza. Kampuni iliyochukua kazi ya usafi ilitaka wafuaji saba. Wao walikuwa wanane. Msimamizi wao angemweleza kila mmoja kwa neno moja tu la Kiingereza, maana wakubwa wa makao makuu hawana muda wa kusoma hadithi, na atakayeonekana hafai angepewa siku mbili za kujitetea.

"Neno moja tu?" aliuliza mshona vifungo, mama mmoja mwembamba ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Hata maiti husemewa mawili matatu kaburini!"

Watu walicheka. Meneja naye alicheka, lakini neno likabaki moja.

Sasa maneno yalikuwa yametoka, kila moja mbele ya namba ya mtu. Ya namba moja, mbili na tatu yalijulikana hata na asiyesoma, ni maneno ya kwenye matangazo ya sabuni: safi, imara, haraka. Wenyewe wakaanza kupongezana. Namba nne ndiye aliyebaki amekodoa macho.

Namba nne alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mabega mapana, miaka kumi na tisa kazini. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mishahara na si kwingineko. Chumba kizima kilimwita Winchi, kwa sababu furushi la mashuka yaliyolowa, ambalo wengine walilitoa kwenye mashine wawili wawili huku wakilalamika viuno, yeye alilikumbatia peke yake, akalipandisha mezani, halafu akauliza jingine liko wapi.

"Fe-e-ble," mshona vifungo alisoma, kidole kwenye karatasi. "Hili sijawahi kukutana nalo. Na mbona pembeni yako wameweka nyota, wengine hatuna?"

"Labda ndiyo ya kwanza darasani," alisema Winchi.

Alimtafuta msimamizi kwa macho. Msimamizi alikuwa kwenye kona ya pasi, amewapa mgongo, anahesabu foronya ambazo zilikwisha kuhesabiwa. Huyo msimamizi alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, toka nitoke. Winchi ndiye aliyemleta hapo miaka kumi na mmoja iliyopita, alipoachwa na mume na watoto wanne. Alikwenda ofisi ya matroni mara tatu kumwombea kazi, akamfundisha kwamba doa la damu hutolewa kwa maji baridi kabla ya sabuni kuligusa, kwamba maji ya moto hulipika likaganda milele. Na mwaka ule wifi alipopasuliwa tumbo, akakatazwa kubeba hata ndoo, Winchi alibeba mafurushi ya watu wawili kwa mwaka mzima na daftarini wakaandikwa wawili. Ofisini hakuna aliyejua. Hakuna aliyeulizwa.

"Wifi!" aliita. "Langu hili ndiyo nini?"

"Ni neno tu, wifi, la kawaida," alijibu msimamizi bila kugeuka. "Usihangaike. Mashine imesimama hiyo."

Winchi alichana kipande cha boksi la sabuni, akaomba kalamu, akalinakili lile neno herufi kwa herufi. Hakuhangaika sana. Nyumbani kwake kulikuwa na mtu ambaye hakuna neno la Kiingereza lililowahi kumshinda.

Mtaani kwao mumewe aliitwa Kamusi, na hakuchukia. Zamani alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kiwanda kilipofungwa akaweka meza na kiti mlangoni pa nyumba yao ya vyumba viwili, akawa anawaandikia watu barua za maombi ya kazi na kuwajazia fomu. Kiingereza alikipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Ukimwomba neno moja alikupa matano, pamoja na shemeji zao, akaeleza lipi lina heshima zaidi, lipi limezeeka, lipi hutumiwa na mahakimu. Wateja walimlipa kidogo na kumsikiliza sana.

Winchi alifika saa tisa alasiri akamwekea kile kipande cha boksi juu ya meza.

"Haya bwana, kazi hiyo. Wifi kaniandika hivi kwa meneja."

Kamusi aliinama, akasoma. Akavua miwani. Akaifuta kwa upindo wa shati, jicho moja, jicho la pili, akarudia la kwanza.

"Mbona husemi? Au leo umeshindwa?"

"Sijashindwa. Ni kwamba neno hili..." Alivaa miwani. "Maneno ya Kiingereza hayakamatwi mkia, mama. Lazima uyatazame usoni. Hapa kuna upole. Mpole. Mwororo. Mtu asiye na papara."

"Asiye na papara?"

"Kwa namna fulani."

"Basi si baya," alisema Winchi, na mabega yakamshuka. "Papara kweli sina. Nilikuwa nimeshaanza kumwazia mtoto wa watu mabaya, astaghafirullah."

Aliingia ndani kuwasha jiko, akaimba kidogo. Binti yao alikuwa sakafuni na madaftari. Alikuwa kidato cha tatu, mtoto wao wa pekee, na wiki ile ilikuwa zamu yake kukaa na kamusi ya darasa, lile dubwana lililofungwa gamba kwa gundi ya karatasi. Alisikia yote. Alitoka akachukua kipande cha boksi mezani, akafungua kamusi na kuanza kushuka na kidole.

"Acha kazi za watu, wewe," alisema baba yake.

"Natazama tu, baba."

"Nimesema acha."

"Mama," aliita binti, sauti imebadilika. "Njoo. Hapa hapana mpole."

Winchi alitoka na mwiko mkononi. "Pana nini?"

Binti alimtazama baba yake, halafu akasoma, taratibu, kama mtu anayevua viatu mlangoni. "Dhaifu. Mnyonge. Hafifu. Legelege. Asiye na nguvu za mwili au za akili. Wamepiga na mfano. 'Mgonjwa alikuwa dhaifu hata hakuweza kuinua kijiko.'"

"Kuinua nini?"

"Kijiko, mama."

Winchi aliutazama mwiko wake. Jana yake alikuwa ametoa mafurushi kumi na saba kwenye mashine, yote yamelowa, na aliyewahi kubeba shuka lililolowa anajua kwamba hata la kitanda kimoja huvuta mkono. Kijiko!

"Hiyo ni kamusi ya shule," alisema Kamusi. "Imeandikwa kwa haraka haraka. Mimi nilikuwa nakulainishia, mama, usije ukapata presha bure."

"Soma tena," Winchi alimwambia binti.

Alisoma tena. Maneno hayakuongezeka wala kupungua. Kamusi naye akashindwa kujizuia, akasema kuna goigoi pia, na nyong'onyevu, lakini hayo ni ya wavivu, kwa hiyo tushukuru Mungu hayamo. Winchi aliketi kwenye kiti cha wateja. Sasa aliielewa na ile nyota: ndiyo ya mtu wa kujitetea.

"Wifi kakosea," alisema. "Kiingereza hakijui, maskini. Kauliza mtu, kapewa neno kimakosa, naye kaliandika. Kesho nitamwambia alifute."

"Ehe! Huenda," alisema Kamusi haraka. "Na mimi nitakuandikia utetezi. Kurasa nne. Meneja mwenyewe atasimama."

Winchi alimshukuru. Jioni ile alimpa mumewe kipande kikubwa cha nyama, akajiambia kwamba wenzake wenye waume wasiojua hata kusoma wangefanyaje.

Alhamisi ilianza vibaya. Meneja alipita chumba cha kufulia saa mbili, akamkuta Winchi ameinama kwenye mlango wa mashine ya pili, mikono imeshazama ndani.

"Hapana, hapana, mama! Wewe acha. Usije ukaumia hapa ikawa kesi."

"Naumiaje, mwanangu? Ndiyo kazi yangu."

"Kaa pale kwenye stuli. Utakunja foronya."

Foronya! Kazi ya wanaojifunza. Alikaa. Vijana wawili waliolileta gari la nguo chafu kutoka wodini wakamwona pale juu ya stuli, magoti pamoja, anakunja vipande vya nguo vilivyo vyepesi kuliko leso.

"Leo winchi imekatika kamba," alisema mmoja, na mwenzake akacheka mpaka akashika gari.

Namba sita alikwenda kuchukua furushi ambalo miaka yote lilikuwa la Winchi. Likamwangukia mguuni. Winchi akainuka kumsaidia na namba sita akamwambia, kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyouma, "Kaa tu mama, pumzika." Siku moja. Neno lilikuwa na siku moja tu ubaoni na tayari watu walikuwa wamelimeza.

Mshona vifungo alisogeza stuli yake. "Mimi nilikwenda kumuuliza nesi maana yake," alinong'ona. "Shoga yangu, kikulacho..."

"Ki nguoni mwangu, najua. Na nguo nimezifua mwenyewe. Ngoja."

Alimkuta wifi yake nyuma, kwenye kamba za kuanikia, daftari kalikumbatia kifuani. Mashuka yalikuwa yametandazwa pande zote, hakuna aliyeweza kuwaona.

"Wifi, lile neno umelikosea. Nimelitazama maana yake. Nenda kwa meneja mwambie alifute."

"Sijalikosea, wifi."

Winchi alidhani hakusikia vizuri. "Unajua maana yake?"

"Najua."

"Dhaifu. Mimi."

Msimamizi alianza kulia, na alilia vizuri, siku zote alikuwa na machozi ya karibu. "Ningemwandika nani? Nambie wewe! Meneja aliniambia nikiwasifu wote nitakuwa sijui kusimamia, nitatoka mimi mwenyewe. Namba sita ni mjane. Namba nane ana mimba ya miezi sita. Mshona vifungo analea wajukuu watano. Nikawatazama mmoja mmoja, nikajiuliza nani ana mtu wa kumshika mkono. Wewe una mume. Una mtoto mmoja. Mimi nina wanne na sina wa kumwambia fungua mlango."

"Kumbe kosa langu ni kuolewa na kaka yako."

"Nilitafuta neno lisilokuchafua, wifi! Sikuandika mvivu. Sikuandika mwizi. Neno ambalo hata kesho ukikutana na mtu..."

"Hebu subiri," alisema Winchi. "Ulilitafuta wapi?"

Msimamizi alilihamishia daftari kwapani.

"Maana Kiingereza chako ni changu. Gudi moningi na tenkyu, tukapige pasi. Mvivu hulijui kwa Kiingereza, mwizi hulijui, lakini hili la kwenye kamusi ndiyo ulilijua? Nani alikupa?"

"Wifi, tuyaache."

"Nani alikupa?"

"Muulize kaka," alisema msimamizi, akapita katikati ya mashuka mawili akaenda zake.

Winchi alibaki pale. Hakulia. Shuka moja lilimpiga usoni, akaliondoa, likampiga tena.

Mlangoni kwake alimkuta Kamusi na mteja, mwanamume mwenye kofia aliyetaka barua ya kuomba ulinzi wa usiku.

"Sasa hapa," mteja alikuwa akisema, "niwekee kwamba mimi ni mwaminifu."

"Vizuri. Lakini mwaminifu wa namna gani?" Kamusi alinyoosha kidole juu. "Kuna wa kutegemewa. Kuna wa kuaminika. Kuna asiyegeuka. Kuna wa dhati. Kila mmoja ana neno lake, na mshahara wake."

"Nipe lenye mshahara mkubwa," alisema mteja.

"Baba," alisema Winchi. "Wifi alikuja kwako kuomba neno?"

Kalamu ilisimama. Mteja aliwatazama wote wawili, akagundua kwamba kumbe ana safari ya haraka, akasema atapitia kesho. Hakuidai hata karatasi yake.

"Ingia ndani tuzungumze," alisema Kamusi.

"Hapa hapa. Si ndipo neno lilipotolewa?"

Kamusi alikunja mikono. "Alikuja Jumapili, ulipokuwa sokoni. Aliniuliza kwa jumla tu."

"Kwa jumla."

"Alisema anataka neno la mtu ambaye nguvu zimempungua. Nikampa lile la kawaida, akasema ni kali mno. Nikampa la pili, nikamwambia hilo ni la vikongwe, la mtu ambaye upepo unaweza kumvunja, halifai kwa mfanyakazi. Nikampa la tatu, la wagonjwa. Halafu nikakumbuka hili. Hili lina ustaarabu wake, unajua, hata ukilitamka halikwaruzi, limekaa katikati ya..." Macho yalikuwa yamemng'aa. Mkono ulikuwa ukipima hewani, kama muuza vitambaa. Aliuona uso wa mkewe, akaushusha.

"Ulijua ni mimi?"

Mtu wa duka la jirani alikuwa akifagia, na fagio lilikuwa limeacha kusikika.

"Nimekuuliza. Alipokwambia nguvu zimepungua, ulijua anamsema nani?"

"Nilijua," alisema Kamusi.

Binti alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, miguu yake inaonekana chini. Winchi aliitazama ile miguu ili asimtazame mumewe.

"Ni dada yangu," alisema Kamusi kwa sauti ndogo. "Baba alipokufa alinikabidhi, wewe unajua. Jumapili hiyo alipiga magoti hapo ulipo, mama. Ana watoto wanne. Sisi hatutakufa njaa, nina meza hii, na wewe pia ungepumzika, mgongo si wa chuma..."

"Yeye alikabidhiwa wewe. Na mimi nilikabidhiwa nani?"

Kamusi aliichukua kalamu, akaiweka tena.

"Hilo la dada yako ningelibeba. Haki ya Mungu ningelibeba, ungekuja ukaniambia, mke wangu, mambo ni haya na haya, mmoja wenu atoke. Mimi nilishambebea mafurushi yake mwaka mzima. Lakini wewe jana umenitazama machoni, nimekuletea kipande cha boksi kama mtoto anayeleta cheti cha shule, unanijibu asiye na papara!"

"Niliona aibu."

"Ungeona aibu kwa Kiswahili basi, nikakuelewa!"

Kamusi aliweka uso viganjani. Alipouinua ulikuwa umelowa, na Winchi, miaka ishirini na miwili ya ndoa ikamsaliti hapo hapo, akamhurumia.

"Nitalitengeneza," alisema Kamusi. "Fomu ya utetezi inataka shahidi anayemjua mfanyakazi zaidi ya miaka kumi, asiyefanya kazi pale hospitali. Nitakwenda mimi. Nitasimama mbele ya meneja niseme neno si la kweli."

"Mbele ya dada yako?"

"Mbele ya yeyote."

"Utasema?"

"Nitasema, mama. Wallahi nitasema."

Alitaka kumwamini. Alijichukia kwa kutaka, lakini alitaka.

Ijumaa asubuhi Winchi alimpigia mumewe shati pasi, kola na mikono, maana hasira ni hasira na shati ni shati, na shahidi aliyekunjamana haaminiki. Walitembea kwenda hospitali. Kamusi alikuwa anasogeza midomo, anajisomea.

Ofisi ya meneja ilikuwa stoo ya zamani ya dawa, bado inanuka spiriti. Winchi na mumewe walipewa viti viwili mbele ya meza. Msimamizi alikaa kwenye benchi la ukutani, daftari mapajani. Meneja alifungua fomu, akaandika namba nne, akaandika jina la Winchi huku akilitamka, na lile jina likasikika ofisini kama la mgeni.

"Haya mama. Unasema neno si la haki. Jitetee."

"Sina maneno mengi, mwanangu. Mwambie mtu alete furushi kutoka mashine ya pili, lililolowa. Nitalipandisha juu ya meza yako hii. Ukitaka mawili, nitapandisha mawili."

Meneja alitabasamu kwa adabu. "Hapana, mama. Fomu haina pa kuandika hayo. Hapa hatupimi, tunaandika. Tumsikie shahidi." Alimgeukia Kamusi. "Mzee, unamfahamu mama huyu?"

"Namfahamu sana."

"Msimamizi kamweleza kwa neno hili. Ni kweli au si kweli?"

Kamusi alisimama. Alikohoa. Winchi alimwona akiinyoosha kola iliyokwisha kunyooka, na moyo wake ukamwendea.

"Mheshimiwa," alianza Kamusi, "neno hili asili yake ni Kilatini. Hapo mwanzo lilimaanisha kitu cha kuliliwa. Likapita kwa Wafaransa, likabadilika sura, ndipo Waingereza wakalipokea. Kwa hiyo ukiuliza ni kweli au si kweli, lazima kwanza tukubaliane tunazungumzia maana ipi. Kuna udhaifu wa mwili. Kuna udhaifu wa hoja. Kuna mwanga hafifu, kuna sauti hafifu..."

"Mzee, nauliza kuhusu mama huyu."

"Ndiyo, nafika. Yako na maneno jirani yake. Liko la kwanza ambalo ni pana zaidi, liko la vikongwe, na baina ya hayo..."

"Ndiyo au siyo?"

Pale kwenye benchi msimamizi alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilitamka bila sauti neno moja, kaka. Kamusi aliliona. Winchi alimwona akiliona.

"Inategemea," alisema Kamusi.

"Baba," alisema Winchi. Hakupandisha sauti. "Acha Kiingereza. Nitazame. Nina nguvu au sina?"

Alimtazama. Jasho lilikuwa limeshalowesha kola aliyopigiwa pasi asubuhi. Akamtazama dada yake. Halafu akatazama kalamu ya meneja, ambayo ilikuwa inasubiri.

"Siku hizi," alisema Kamusi, "siku hizi mama unachoka."

Meneja aliandika. Aliandika muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Msimamizi alipenga kamasi kwenye leso. Winchi alikaa wima kwenye kiti chake, mikono mapajani, mikono ile mikubwa iliyochunika kwa sabuni, na akasubiri kuona kama atalia. Hakulia. Alichokisikia kilikuwa uchungu mtupu, mkavu, hauna pa kutokea.

"Tumalizie hapa chini tusaini," alisema meneja, akisoma fomu. "Shahidi amemfahamu mfanyakazi kwa miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili," alijibu Winchi.

"Uhusiano wake?"

Kamusi alifungua mdomo, lakini mkewe aliwahi.

"Andika kaka."

"Kaka yako?"

"Si wangu. Wa msimamizi. Andika hivyo: kaka wa msimamizi."

Kalamu ilisimama. Meneja alimtazama mwanamke aliyekuwa kwenye benchi, kisha mzee aliyesimama, pua kwa pua, paji kwa paji. Msimamizi alifunga daftari lake.

"Huyu ni kaka yako, tumbo moja?" meneja alimuuliza. "Nawe ndiye uliyeandika neno?"

Msimamizi alijifuta macho kwa ile leso. Meneja akapiga mstari juu ya maneno aliyokwisha kuyaandika, akageukia tena fomu, na sasa sauti yake haikuwa na ule ubembelezaji.

"Na wewe mama, una uhusiano mwingine wowote na shahidi huyu?"

Kamusi alimgeukia. "Mama," alisema.

"Hakuna mwingine," alisema Winchi, akaomba kalamu asaini.